Namna ya Kuvumbua Televisheni Katika Chumba cha Kupanga

Tafuta kwanza boksi la kofia. Kofia mwachie mwenyewe. Wewe unataka kadibodi yake, maana humo ndimo utakapokata duara pana kama sinia. Kisha pita kwa muuza chai umwombe kasha tupu. Kwa fundi baiskeli chukua lenzi za taa kuukuu. Ongeza kopo la biskuti, sindano nene ya kushonea soksi, mkasi, gundi, na lakiri, ile nta nyekundu iliyokuwa ikifungia barua za wakubwa. Orodha hii ni ya kweli mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1923 Mskoti mmoja, John Logie Baird, alipanga chumba mjini Hastings, pwani ya kusini ya Uingereza, akakusanya vitu hivi hivi. Mota akaifunga juu ya kasha la chai, taa akaitia ndani ya kopo la biskuti, sindano ikawa mhimili wa duara la kadibodi. Kilichobaki akakigandisha kwa gundi na lakiri.

Ni vyema pia uwe umeshindwa mara kadhaa kabla ya kuanza. Baird alikuwa na afya dhaifu tangu utotoni, na nyuma yake kulikuwa na biashara ya soksi, biashara ya sabuni, na safari ya kisiwani Trinidad kupika jemu, ambako wadudu walivamia sukari yake. Aliwahi kujaribu kutengeneza almasi kwa kupitisha umeme mkubwa kwenye kaboni, akazima umeme wa sehemu ya jiji la Glasgow. Alibuni wembe wa kioo usioshika kutu, ukavunjika. Sioni aibu yoyote katika hayo. Mtu aliyekwisha kuona jemu yake ikiliwa na wadudu havunjiki moyo picha inapokataa kutokea, na sura ya mtu ilikataa kumtokea Baird kwa zaidi ya miaka miwili.

Turudi kwenye duara. Toboa matundu madogo 30 yakizunguka kama gamba la konokono, kila tundu likikaribia kitovu kidogo kuliko lililotangulia. Lizungushe mbele ya kitu kilichomulikwa. Tundu la kwanza litapita juu ya kitu hicho na kuchukua ukanda mwembamba wa mwanga, la pili litachukua ukanda unaofuata, na mzunguko mmoja ukiisha kitu kizima kitakuwa kimesomwa mstari kwa mstari, kama mtoto wa chuoni anavyopitisha kijiti kwenye msahafu. Nyuma ya duara weka seli inayogeuza mwanga kuwa umeme: penye weupe mkondo unapanda, penye kivuli unashuka. Upeleke mkondo huo kwa waya hadi kwenye taa ya neoni iliyowekwa nyuma ya duara la pili, lenye matundu sawasawa na la kwanza na linalokwenda nalo mwendo mmoja. Taa itapepesa, jicho litaunganisha mapepeso hayo, na utaona picha ndogo yenye rangi ya kaa la moto. Maduara yakipishana, picha itateleza ubavuni, na hapo hakuna dawa ila kukaa na kurekebisha mwendo wa mota mpaka usiku wa manane.

Wakati unatoboa, mkumbuke mwenye wazo. Paul Nipkow alikuwa mwanafunzi Berlin. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1883 alikuwa peke yake chumbani na taa ya mafuta, na ndipo duara hili lilipomjia akilini. Mwaka uliofuata akaliandikisha. Hakuwahi kuliunda; vifaa vya zama zake visingeweza. Hataza yake ikaisha muda bila mtu kuitaka, naye akaenda kufanya kazi katika kampuni ya ishara za reli. Televisheni aliiona kwa macho yake mwaka 1928, katika maonyesho ya redio Berlin, akiwa mzee. Miaka 45 kati ya kuwaza na kuona! Kila nikifika hapa katika hadithi hii huwa nasimama kidogo.

Sasa mwenye nyumba. Mpende, na umweleze mapema unachofanya. Mwezi Julai 1924 Baird alishika nyaya zenye volti zipatazo 1,000, akatupwa chini na kuungua mkono. Mwenye jengo alimtaka ahame, na kwa maoni yangu alikuwa na haki: ana wapangaji wengine, na mtu mmoja ghorofani anacheza na radi. Baird akafungasha kasha la chai na kopo la biskuti akaenda London, namba 22 Frith Street, mtaa wa Soho, vyumba viwili vya darini. Leo chini ya vyumba hivyo kuna mkahawa. Ukifika London, agiza kahawa hapo na uinue macho usome kibao cha ukumbusho ukutani.

Huko ndiko utakakohitaji uso, na hapa naomba usiharakishe, kwa kuwa jambo hili ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Seli yako ni kipofu nusu. Ili ione chochote lazima ummulike aliye mbele yake kwa taa kali mno, na taa za namna hiyo zinachoma. Kwa hiyo anza na kikaragosi. Baird alikuwa na kichwa cha kikaragosi, wa wale wanaosemeshwa na mtu aliyefunga midomo, jina lake Stooky Bill. Alikaa mbele ya taa bila kulalamika, nywele zikaungua, rangi ya midomo ikapasuka kwa joto. Tarehe 2 Oktoba 1925 sura yake ikatokea upande wa pili, ikiwa na macho, pua na vivuli vyake, mistari 30, picha tano kwa sekunde.

Baird akateremka ngazi mbio kutafuta mtu wa kweli. Ofisi ya chini alimkuta tarishi, William Taynton, kijana wa miaka 20, akampandisha juu na kumkalisha mbele ya taa. Akakimbilia chumba cha pili kutazama. Hakuona kitu. Akarekebisha, akatazama tena: patupu. Aliporudi ndipo akafahamu kwamba kijana alikuwa amejisogeza nyuma kwa joto la taa. Nani asingejisogeza? Baird akatia mkono mfukoni, akampa shilingi mbili na peni sita, akamwomba asogee tena na avumilie kidogo. Kijana akavumilia, na mtu wa kwanza kuonekana wazi kwa televisheni akawa tarishi wa ofisini, mwenye uso uliojaa jasho.

Basi weka shilingi mbili na peni sita pembeni tangu siku ya kwanza. Katika bajeti yako, fungu hilo usiliguse kwa kodi wala kwa chakula. Vitabu vingi vinamtaja Taynton kwa sentensi moja na kuendelea na Baird. Mimi ningeanza na Taynton. Kadibodi na sindano vingepatikana popote, ila pasingekuwa na picha kama kijana yule angechukua kofia yake na kurudi kazini.

Baada ya hapo waalike wataalamu. Tarehe 26 Januari 1926 Baird aliwakaribisha wajumbe wa Royal Institution, wakapanda zile ngazi nyembamba na kuingia kwa mafungu, kwani chumba hakikuwatosha. Mwaka 1927 alipeleka picha kwa waya wa simu kutoka London hadi Glasgow. Februari 1928 akaivusha bahari ya Atlantiki. Julai mwaka huo huo akaonyesha picha ya rangi, akitumia duara lenye seti tatu za matundu na vichujio vya nyekundu, kijani na buluu. (Zanzibar ilipoanzisha televisheni yake mwaka 1973, ilianza na rangi moja kwa moja. Kila nikiliwaza hilo namkumbuka Mskoti huyu na vichujio vyake.)

Ukihofia kwamba huna cha kuonyesha, mfuate Kenjiro Takayanagi, mwalimu wa mjini Hamamatsu, Japani. Tarehe 25 Desemba 1926 alitumia duara la Nipkow kwenye kupokea mwanga na neli ya miale ya kathodi kwenye kuonyesha, na kitu alichopeleka kilikuwa herufi moja tu, ile inayosomwa "i", ya kwanza katika mpangilio wao wa kale wa herufi. Yaani alianza na alifu kwa kijiti. Hakuna mwanzo mzuri zaidi ya huo.

Lakini lazima nikuonye: duara lina mwisho wake. Ukitaka picha safi zaidi utaongeza matundu. Ukiyaongeza yatakuwa madogo. Yakiwa madogo mwanga utapungua. Mwanga ukipungua utaongeza taa, na wa kuteseka ni yule yule aliyeketi mbele yake. BBC ilipoanza matangazo yake ya kawaida Alexandra Palace, Novemba 1936, mfumo wa Baird wa mistari 240 ulipishana zamu na mfumo wa Marconi-EMI wa mistari 405, ambao ulikuwa wa elektroni tupu. Mapema 1937 ule wa Baird ukaondolewa. Usibishane na hukumu hiyo. Ilikuwa sahihi, nami nasema hivyo kwa uchungu.

Kwa hiyo ukiweza, zaliwa shambani. Philo Farnsworth alizaliwa mwaka 1906 katika nyumba ya magogo jimboni Utah, akahamia na wazazi wake Rigby, Idaho. Akiwa na miaka 14 alikuwa akilima kwa farasi, akageuka nyuma kutazama mifuo iliyonyooka bega kwa bega, akaona jawabu: picha ilimwe kama shamba, mfuo baada ya mfuo, na jembe liwe mwale wa elektroni ndani ya neli isiyo na hewa. Hakuna duara wala mota. Elektroni ni nyepesi kuliko chochote unachoweza kukizungusha kwa mkono.

Hapo unahitaji mwalimu. Wa Farnsworth alikuwa Justin Tolman, mwalimu wa kemia. Mwaka 1922 kijana alimjazia ubao mzima kwa michoro, na Tolman hakumwambia arudi kwenye somo. Alisikiliza na kuuliza maswali. Zaidi ya miaka kumi baadaye, kampuni kubwa ya RCA ilipodai kwamba uvumbuzi ni wa mhandisi wake, Vladimir Zworykin, Tolman alitoa ushahidi na kueleza alichochorewa siku zile. Ofisi ya hataza ikampa haki Farnsworth, na mwaka 1939 RCA ikakubali kumlipa dola milioni 1 pamoja na mrabaha. Ukiwa na mwalimu wa aina hiyo, mpelekee salamu leo, usingoje kesi.

Unahitaji na shemeji. Neli ya Farnsworth ilitaka uso bapa wa kioo, na mafundi wa vioo walisema haifanyiki. Ndugu wa mkewe, Cliff Gardner, ambaye hakuwa fundi vioo, alijifundisha kupuliza kioo akazitengeneza mwenyewe. Tarehe 7 Septemba 1927, katika jengo la 202 Green Street, San Francisco, Cliff aliweka mbele ya neli kipande cha kioo chenye mstari mmoja uliochorwa. Chumba cha pili mstari ukatokea. Cliff akakigeuza kile kipande, na mstari nao ukageuka. Farnsworth alikuwa na miaka 21.

Na unahitaji mwenzi mwenye moyo mpana. Elma Gardner, ambaye wote walimwita Pem, alisimulia kwamba usiku wa harusi yao mwaka 1926 mumewe alimwambia kuna mwanamke mwingine maishani mwake, na jina lake Televisheni. Pem akajifunza kuchora michoro ya kiufundi, akaingia maabara akafanya kazi pamoja nao.

Siku utakapokuwa tayari kupeleka picha ya mtu kwa chombo chako kipya, utamkalisha yeye. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1929. Chombo cha Farnsworth hakikuwa na duara, ila nacho kilikuwa na kiu kubwa ya mwanga, na sura ya Pem iliyotokea ilikuwa ndogo, urefu wa inchi tatu na nusu, macho yakiwa yamefumbwa. Taa zilikuwa kali mno.

Usimwambie afumbue. Tazama upesi, hakikisha umeona, kisha zima taa, mletee maji, na umwachie kiti chako mbele ya kioo, wewe ukakae alipokuwa amekaa yeye.