Barua ya Wazi kwa Wizara: Watoto Wetu Wamezaliwa Wadogo, Mtuwie Radhi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Taifa na Uraia Mpya, Kinshasa.
Nakala kwa yeyote wizarani aliyewahi kushinda nyumbani na mtoto wa miaka mitatu.

Mheshimiwa Waziri,

Sisi wazazi wa Ruashi, hapa Lubumbashi, tunaomba radhi. Watoto wetu wamezaliwa wakiwa wadogo. Hakuna mama wa mtaa huu aliyefaulu kujifungua mtoto wa miaka sita, umri ambao Serikali huanza kumwona. Tunaendelea kujitahidi.

Wema wenu tunaujua. Katiba ya 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Ilipofika Septemba 2019, Rais Tshisekedi akayatoa maneno hayo kwenye karatasi na kuyaingiza darasani. Tulipiga vigelegele, na hatuvirudishi. Lakini tangazo lilihusu shule ya msingi. Chekechea, ambayo hapa kwetu tunaiita gadiene, na ambayo sheria ya elimu ya 2014 inaitaja waziwazi kuwa ni ya miaka mitatu, kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, ilibaki mlangoni imeshika kibegi chake.

Sasa tunaambiwa tuchague: ya Serikali au ya mtu binafsi. Ahsanteni kwa uhuru huo.

Tulianza na ya Serikali. Kwanza uipate. Ukiipata, mara nyingi ni chumba kimoja nyuma ya shule ya msingi ya kanisa, maana tangu makubaliano ya 1977 Serikali na makanisa wanalea shule pamoja, kama wazazi walioachana: mmoja ana nyumba, mwingine ana ahadi. Ukifika, unakuta kwamba hata hapo unalipa. Mwalimu wa wadogo hayumo kwenye orodha ya mishahara, anangoja kuingizwa, na huku akingoja anakula kwa mikono ya wazazi. Hatumlaumu. Mtu anayefuta kamasi za watoto hamsini kabla ya saa nne asubuhi hadai sana akidai franga chache.

Basi tukaenda kwa mtu binafsi. Hapo, Mheshimiwa, ndipo macho yetu yalipofunguka. Ukuta umechorwa bata na panya wa katuni, na geti lina jina la Kifaransa lenye malaika au nyota ndani yake. Mama mkurugenzi anakupa orodha: rimu mbili za karatasi, sabuni, karatasi za chooni, kalamu za rangi, aproni mbili, picha nne za pasipoti. Picha nne! Za mtu ambaye hajawahi kutulia hata kwa kunyolewa. Ada ni kwa dolare na kwa awamu. Awamu ya kwanza hulipwa kabla mtoto hajajua choo kiko wapi.

Tusiseme kwamba hatupati kitu. Katikati ya vumbi la Septemba, malori ya madini yakipita, mtoto anarudi nyumbani akiimba kwa Kifaransa habari za theluji. Bibi yake akimwita, "Kuya kula bukari," anajibiwa, "Bonjour madame," na familia nzima inapiga makofi, isipokuwa bibi. Sheria hiyohiyo ya 2014 imeruhusu lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, zitumike kufundishia. Lakini nani atoe dolare ili mtoto afundishwe kwa lugha anayotukania kuku bure uani? Mwaka wa tatu ukiisha anavishwa toga na kofia ya mraba, utadhani ametetea tasnifu pale Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakati alichokitetea ni biskuti yake.

Wasioweza njia hizo mbili wamegundua ya tatu. Jirani mmoja ana mtoto wa miaka minne. Likizo nzima alimfanyisha mazoezi ya kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili, kile kipimo cha wazee cha kujua kama mtoto ametosha kwenda masomo. Shingo ilipindishwa, bega likavutwa, sikio likapatikana. Septemba mtoto akaandikishwa mwaka wa kwanza wa msingi, bure, akiwa na miaka sita kamili. Ndiyo gadiene ya Serikali tuliyo nayo, Mheshimiwa: imo ndani ya darasa la kwanza, imekaa sakafuni, inasinzia. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia anawaweka mbele waliopitia gadiene, kwa sababu wanajua kushika kalamu. Mtoto wa muuza makaa anaanza mbio ambazo mtoto wa mwenye mkataba mgodini ameshazikimbia miaka mitatu.

Wazee wetu wana kumbukumbu mbaya, mbaya kwenu namaanisha. Wanakumbuka kampuni ya madini, Union Minière, kisha Gécamines, iliyokuwa baba ikawa mama: hospitali, unga, shule kwa watoto wa kambi. Haukuwa upendo. Kampuni ilihesabu watoto kama wafanyakazi wa kesho. Lakini angalau iliwahesabu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa jina la "kuondoka kwa hiari", na hesabu hiyo ikafungwa.

Nanyi mna hesabu yenu nzuri zaidi. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali madini yanapochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tuna swali dogo la kiufundi kuhusu hiyo 10. Mtoto wa miaka mitatu, aliyelala chini ya vumbi la shaba na kobalti, ni kizazi kijacho au bado hajafika? Kama hajafika, mtuambie atafika lini tumwoshe uso.

Tunaomba mambo mawili. Walimu wa gadiene za umma waingizwe kwenye orodha ya mishahara, hata kama wanafunzi wao hawapigi kura. Na kila shule ya msingi ya umma Ruashi ipate chumba kimoja cha wadogo, bila bata ukutani.

Hayo yakishindikana, tuleteeni amri yenye muhuri inayowakataza watoto kukua hadi watimize miaka sita. Mjibu kabla ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba, maana mama mkurugenzi ameshatuma ujumbe wa awamu. Na jibu likitosha ukurasa mmoja, karatasi zitakazobaki kwenye rimu mtutumie: orodha inadai mbili, nasi tumepata moja.

Mzazi wa Ruashi,
kwa niaba ya asiyejua bado kuandika.