Joho la Meya

Wanaotaka meya achaguliwe moja kwa moja na wananchi hawatutakii mema. Tumeshapanga foleni kwa ajili ya rais, mbunge na diwani. Miguu nayo ina haki zake. Meya huchaguliwa na madiwani, ukumbini, penye feni, kisha tunaletewa akiwa tayari, kama mwali. Wala hachoshwi na kazi: daftari la hundi analo mkurugenzi, mteule wa rais, na kauli anayo mkuu wa mkoa, mteule pia. Yeye ana joho na mkasi wa utepe. (Joho zito, na joto lile la Dar es Salaam!) Na hata joho halidumu: Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa kwa tamko, manispaa ya Ilala ikawa jiji. Hakuna mpigakura aliyesumbuliwa.