Sifa za Memori Kadi, Mheshimiwa Asiyealikwa

Harusi zetu hazikosi waheshimiwa. Yupo mwenyekiti wa kamati, yupo MC, wapo wajomba wa meza ya mbele wanaokohoa kwanza ndipo waseme. Lakini mwenye kauli ya mwisho, anayeamua kama harusi ile ilikuwepo ama ilikuwa maneno ya watu tu, ni memori kadi ya SD: milimita 32 kwa 24, unene wa 2.1, uzito wa gramu mbili hivi. Haikupewa kadi ya mwaliko wala sahani ya pilau. Leo naisifu.

Kwanza, ina moyo mkubwa. Enzi za filamu mpiga picha alikuwa na picha 36 kwenye mkanda mmoja, na ilimbidi afikiri kabla ya kubonyeza, hata apime nani katika ukoo anastahili kupigwa na nani asubiri harusi nyingine. Adha hiyo imekwisha. Mwaka 1999 SanDisk, Toshiba na Matsushita (ndiyo Panasonic ya leo) walikubaliana kutengeneza kadi ya SD, na tangu hapo bibi harusi anapigwa picha mia tatu akishuka garini tu. Kadi inazipokea zote. Kazi ya kuchagua inamwachia mwenye macho mekundu, usiku, mbele ya kompyuta.

Pili, haina upendeleo. Askofu akibariki pete ataitwa DSC_0412. Shemeji aliyesinzia mdomo wazi ataitwa DSC_0413. Ndani ya folda ya DCIM hakuna meza ya mbele. Hesabu ikifika 9999, kamera inaanza upya 0001, na hapo ndipo uhamishaji wa picha unapogeuka mtihani wa tabia. Ukizimwaga za leo kwenye folda yenye za zamani, kompyuta itauliza kwa upole kama ibadilishe faili lenye jina hilohilo. Mtu aliyechoka hujibu ndiyo kwa kila swali. Bibi harusi wa Jumamosi hii anamwondoa wa Jumamosi ile, tena bila talaka.

Kale kaswichi ka pembeni nako kana sifa yake. Watu hudhani kanafunga kadi kwa kufuli. Hakafungi kitu. Kamera hutazama tu kalikokaa, kisha huamua kutii. Ni mlinzi asiye na rungu, na bado anaheshimiwa. Kakilegea, hujisogeza kenyewe wakati wa kuingiza kadi, na kamera ikagoma kumpiga picha bwana harusi akiwa anafunua shela. Nani mwingine ukumbini anaweza kusimamisha shughuli kwa kusogea milimita chache?

Lakini sifa kuu ya kadi ni jinsi inavyotunza siri, maana yake haitunzi. Ukifuta picha, kadi haiifuti. Inaondoa jina kwenye orodha na kutangaza kwamba nafasi ile iko wazi. Picha yenyewe inabaki palepale mpaka nyingine iandikwe juu yake. Kuformati haraka haraka kunafanya vilevile. Ndiyo maana programu kama PhotoRec huweza kuzifufua picha, mradi uache kupiga mara tu unapogundua balaa. Na ndiyo maana aliyeuza kamera pamoja na kadi yake, akiamini ameisafisha, huenda amemuuzia mgeni sendofu nzima ya dada yake, mashangazi na vijembe vyao.

Sitawasahau ndugu zake bandia, wale wa bei ya kutupa. Kwa ukarimu hawana mpinzani. Juu imeandikwa GB 128, ndani kuna 8, na kichipu chake kimefundishwa kuidanganya kamera bila kupepesa. Zile 8 zikijaa, kadi haimkatai mtu: inaendelea kupokea ndafu, keki, zawadi na mnenguo wa wakwe. Baadhi inaviandika juu ya vilivyotangulia, baadhi inavitupa. Majina yote yapo kwenye orodha, hesabu imetimia. Ukifungua picha ndipo unapokutana na rangi ya kijivu. Dawa yake ni kuijaza kadi mpya pomoni kabla ya shughuli, kisha kuisoma yote. Nani ana muda huo Ijumaa jioni?

Na uhamishaji wenyewe unafundisha subira kuliko khutba. Usichomoe kadi wakati taa ya kisomaji chake ikiwaka. Usikate faili na kulibandika. Nakili, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, picha inaweza kukosekana kule ilikotoka na kule ilikokuwa inaelekea. Mpiga picha aliyewahi kuyaona hayo humwambia mteja "bado nazifanyia editing" kwa sauti tamu ajabu.

Basi nyie wa kamati, bajeti yenu ina mstari wa keki, wa ndafu, wa mapambo na wa gari la maharusi. Ongezeni mmoja: kadi mbili halisi, za duka linalotoa risiti. Na mpiga picha asipewe kiasi chake cha mwisho mpaka awaonyeshe picha zikiwa zimekaa sehemu mbili tofauti.