Masamune wa Jicho la Kushoto

Kama una haraka ya kuuza mchoro wa samurai, chora Date Masamune. Wengine wanataka maelezo marefu. Ukimchora Oda Nobunaga, mteja anauliza ni nani. Ukimchora Tokugawa Ieyasu, anauliza kwa nini mzee huyu amekaa tu. Masamune anajiuza mwenyewe: deraya nyeusi tii, hilali ya dhahabu juu ya kofia ya vita, na jicho moja.

Balaa liko kwenye hilo jicho. Masamune alizaliwa 1567, na akiwa bado mtoto ndui ikampofua jicho la kulia. Akakua, akawa bwana mkubwa wa kaskazini mashariki mwa Japani, akaanzisha mji wa Sendai, akafariki 1636. Inasimuliwa kwamba aliacha agizo: watakaomchora wamwekee macho yote mawili, kwa heshima ya wazazi waliomzaa nayo. Wachoraji wa zamani walimtii. Sisi mashabiki tumekataa katakata. Kile kibandiko cheusi tunachomfunga usoni ni zao la sinema na televisheni za karne ya 20, hasa tamthilia ya NHK ya 1987 ambayo Ken Watanabe aliigiza kama Masamune. Kisha ukaja mchezo wa video wa Sengoku Basara, ukampa panga sita, tatu kila mkono, ukamtia na Kiingereza mdomoni, na farasi wake akafungwa usukani na ekzosi. Bodaboda ya miguu minne, basi. Kijana aliyekulia humo hataki kusikia kwamba kaburi lilipofukuliwa mwaka 1974, mifupa ilionyesha mtu wa sentimita 159 hivi. Anataka jitu.

Mimi nilichora wa kwangu kwa wino, kibandiko kikiwa kulia kama inavyopasa, nikamtundika sebuleni. Shangazi akaja kutusalimia. Hata chai hajaigusa, akauliza, "Na huyu jicho limepatwa na nini?"

"Ndui, shangazi."

Nilitegemea aseme nimeleta mizimu nyumbani. Badala yake akapandisha mkono wa gauni akanionyesha kovu la chanjo begani. "Sisi tulichanjwa shuleni tukilia. Maskini mtoto wa watu, kwao hakukuwa na sindano?" Nikamweleza kwamba enzi hizo sindano hiyo haikuwepo popote duniani. Akamtazama Masamune kwa huruma, kisha akanigeukia mimi bila huruma yoyote. "Na wewe ndiyo unamwanika kilema chake ukutani? Mwekee jicho, mwanangu. Wino si unao?"

Miaka karibu mia nne baada ya agizo, mtu wa kwanza kulitetea mbele yangu ni shangazi, ambaye Sendai hajawahi hata kuisikia.

Sikumwekea, kwa sababu vijana fulani wapenzi wa anime walikuwa wameshaagiza fulana zenye mchoro uleule, na kibandiko walikitaja kwa msisitizo. Nikaupeleka kwa fundi wa kuchapa fulana. Picha ya kuhamishia kwenye nguo huchapwa kwanza kinyumenyume kwenye karatasi, kisha karatasi hulazwa kifudifudi na kupigwa pasi, ndipo picha inakaa sawa. Fundi aliruka hatua ya kwanza. Mzigo mzima ukatoka na Masamune aliyepofuka jicho la kushoto. Kwa kuwa wa sebuleni kapofuka la kulia, ukijumlisha wawili hao, bwana wa Sendai haoni kabisa.

"Bosi wangu," fundi akasema, "uso hauna mbele wala nyuma. Kungekuwa na maandishi ningejua."

"Maandishi yapo. Hilo ni jina lake."

Akaichungulia fulana. "Hicho si Kijapani? Kwani wao hawaandiki kuanzia kulia?"

Nilikosa jibu, maana maandishi yao ya kushuka wima kweli huanzia kulia.

Kama ni jicho tu ningenyamaza. Lakini hilali ya Masamune haiko sawa pande zote: pembe ya kulia kwake ni fupi, ili isimzuie mkono akiinua upanga. Kwenye fulana pembe ndefu imehamia kulia, na kila akinyanyua upanga atajikatia mwezi wake mwenyewe. Kijana mmoja mjuaji akaniongezea la kola. Huko Japani, aliye hai hulaza upande wa kushoto wa vazi juu ya ule wa kulia. Kinyume chake huvishwa maiti. Mwaka 1590 Masamune alichelewa kuitika mwito wa vita wa Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wakati huo, kule Odawara, na inasimuliwa alikwenda kuomba radhi amevaa mavazi meupe ya kifo, akasamehewa. Sasa fundi kamvika sanda tena, safari hii bila kosa lolote.

Vijana walichukua chache, wakazivaa kama utani. Shangazi kachukua moja kwa ajili ya kulalia. Anasema huyu angalau jicho la kulia limepona. Zilizobaki ninazo, nyingi ni saizi kubwa. Bei inazungumzika. Jicho halizungumziki.