Vitambuzi vya Kikaboni vya Mwanga Usioonekana: Uainishaji wa Awali kutoka Sebule za Ng'ambo

Rimoti ya televisheni huzungumza kwa mwanga ambao hakuna mkazi wa Likoni, Kisauni wala Changamwe aliyewahi kuuona kwa macho matupu. Ni infraredi ya karibu, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 940 hivi, na jicho la binadamu hukomea kwenye 700 au zaidi kidogo. Hata hivyo ng'ambo hiyo nzima inajua kuupima. Unafungua kamera ya simu, unailenga kwa rimoti, unabonyeza. Kinukta cha zambarau kikimeta kwenye kioo, rimoti ni nzima na mgonjwa ni televisheni. Kisipometa, tafuta mawe mapya. Simu nyingine, hasa za bei, zina kichujio kinachozuia mwanga huo kwenye kamera ya nyuma, na ndiyo maana fundi mzoefu huigeuza simu akatumia ya mbele bila kumweleza mteja sababu.

Swali la makala haya ni la upande wa pili: mwanga ukishatoka, nani anaupokea? Tumetambua madaraja matatu.

Daraja la kwanza ni silikoni, nalo halitatuweka sana. Ni kijidude cha miguu mitatu kilichojificha nyuma ya plastiki nyeusi kwenye ukingo wa televisheni. Plastiki hiyo si ya urembo: hupitisha infraredi na kuzuia mwanga wa kawaida. Ndani ya kijidude mna fotodiodi, na saketi isiyojali chochote ila mwanga unaowaka na kuzimika kama mara 38,000 kwa sekunde, ili jua na taa zisiingilie mazungumzo. Tahadhari hiyo ina historia. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti iitwayo Flash-Matic, kazi ya Eugene Polley, iliyokuwa tochi tu ya kumulika pembe za televisheni. Jua likipiga kioo, stesheni zilijibadilisha zenyewe. Nyumba ya Shelly Beach yenye dirisha la mashariki ingetazama stesheni zote kabla ya chai ya asubuhi.

Kenya ilipozima matangazo ya analogi mwaka 2015, silikoni iliongezeka sebuleni kwa ghafla: televisheni na rimoti yake, king'amuzi na rimoti yake, na siku hizi feni nayo inadai haki. Spishi za rimoti zilizopatikana ni nyingi: iliyofungwa nailoni tangu siku iliponunuliwa, iliyopoteza kifuniko ikavishwa raba, iliyoliwa springi na kutu ya upepo wa chumvi, na ile ambayo kitufe cha sauti kimegandishwa na mabuyu, ikabaki na alama nyekundu ya kidole cha mshukiwa. Kuhusu desturi ya kuanika betri juani, wapinzani wake wanakosea: joto huharakisha kemia ndani ya betri, nayo hufufuka, japo haifiki mwisho wa taarifa ya habari.

Daraja la pili ni la kikaboni, la maabara. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba plastiki iitwayo poliasetileni inaweza kupitisha umeme, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Kutoka hapo zimezaliwa semikondakta za kaboni zinazoyeyuka, zinazochapwa kama wino na kukunjwa bila kuvunjika, kiasi kwamba kitambuzi kinaweza kubandikwa kwenye ngozi kihesabu mapigo ya moyo. Huchanganywa mbili: moja hutoa elektroni, nyingine hupokea. Mwaka 2019 watafiti wa China walitangaza molekuli ya Y6, inayonyonya mwanga hadi karibu nanomita 930. Imebakisha kidogo tu kuisikia rimoti vizuri. Nyingine zilizofuata zimevuka 1,000. Maadui wa ukoo huu wote ni oksijeni, unyevu na joto, yaani Kisauni mwezi wa Machi.

Daraja la tatu pia ni la kikaboni, na ndilo maabara zimelisahau: mtoto wa kati ya miaka 5 na 12. Asilimia 18 hivi ya uzito wake ni kaboni, hukunjika bila kuvunjika, na amekuwa akibadilisha stesheni tangu zama za kifundo cha kuzungusha.

Ili kulinganisha kwa haki, tumetumia vigezo vilevile vya maabara. Kigezo kinachowatesa wanakemia ni mkondo wa gizani, yaani umeme unaopita kwenye kitambuzi wakati hakuna mwanga wowote. Ukitaka molekuli isikie infraredi ya mbali zaidi, sharti upunguze pengo lake la nishati, na ukilipunguza, joto la chumba peke yake linatosha kuamsha elektroni. Kitambuzi kinaitikia kisichoitwa. Sampuli za Mlaleo zilionyesha tabia hiyo bila kificho: karatasi ya biskuti ikichakarika jikoni, "Abee, mama!" inasikika kutoka uani, na hakuna aliyemwita. Sampuli hiyohiyo, ikiitwa kwa ajili ya kwenda dukani, huonyesha mkondo sufuri.

Kuhusu usimbaji, rimoti nyingi hutuma ujumbe wa biti 32: anwani ya kifaa, kinyume cha anwani, amri, kisha kinyume cha amri, ili mpokeaji ahakikishe hakukosea. Akina mama wa Magongo wamefikia mfumo huohuo bila kushauriana na mhandisi. "Wewe, sikumwita nduguyo! Leta rimoti, sikusema simu." Kitufe kikiendelea kubonyezwa, rimoti hairudii ujumbe mzima, kila milisekunde 110 hivi hutuma alama fupi tu yenye maana ya yaleyale. Mama naye, baada ya jina kamili na la baba, hubakiwa na "We! We! We!" Jibu la kawaida, "Nakujaaa," lisihesabiwe kuwa mwitikio. Ni kelele za kitambuzi.

Pana ushahidi, hata hivyo, kwamba daraja hili linashinda yote pale linapotakiwa kutambua mwanga usioonekana hasa. Wageni wamekaa, sahani ya mahamri imezunguka mara ya pili, mkono wa mtoto umekwisha kunyooshwa. Mama anaendelea kuuliza hali za jamaa wa Mtongwe, uso umejaa tabasamu. Jicho linapita mara moja. Mgeni aliyekaa kati yao hapati chochote, na kamera ya simu haionyeshi zambarau. Mkono unarudi. Tumerekodi mapokezi hata mtoto akiwa amegeuka upande, uwanda ambao fotodiodi ya miguu mitatu haiufikii. Jicho la baba lilijaribiwa kwa masharti hayohayo, nalo lilichukuliwa kuwa taa ya kawaida.

Upungufu wa daraja la tatu ni uhai wake mfupi kazini. Karibu na miaka 13 sampuli hupata simu, huhamia masafa mengine, na kazi yote huangukia mdogo wake. Swali la iwapo uhamaji huo unaweza kucheleweshwa linahitaji sampuli nyingi zaidi. Nilipoomba moja huko Chaani, mama wa nyumba alinikabidhi watatu pamoja na ndoo ya maji, kwa sharti niwarudishe kabla ya alasiri, maana wanaingia chuo.