Mvuke wa Kidichi

Watalii walipanda Kidichi kupiga picha hamamu ya Sultani, wakaishia kunipiga picha mimi. Jana tu hiyo. Boneti iko wazi, mvuke unafuka, na mama mkwe wangu, mtu mzima na heshima zake, anaipepea rejeta kwa kanga kama anayechoma mahindi.

"Mama, njoo ukae kivulini."

"Nikae, na gari linakufa?"

Mwenye gari alikuwa ameniapia kwamba maji yamejaa. Nasi mpango wetu ulikuwa mzuri: kutoka Mji Mkongwe tushike barabara ya Bububu, bahari ikiwa kushoto, tukate kulia kupandisha Kidichi, kisha turudi pole pole tukiyapitia makasri ya masultani wa ukoo wa Busaidi. Kilima kile kilitosha kuumaliza mpango. Mlinzi alipokuja mbio nikadhani analeta maji.

"Tiketi mshakata?"

Rejeta haifunguliwi ikiwa ya moto. Tukakata tiketi, tukaingia ndani kusubiri ipoe, na humo nikasahau kabisa habari ya gari. Seyyid Said aliijenga hamamu hii mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, Shehrazad, mjukuu wa Shah. Ukutani kuna maua na ndege wa chokaa, lakini mimi nilishikwa na kuba. Mvuke hupanda, hugusa dari, hupoa, hugeuka maji. Dari ingekuwa bapa, matone yangemdondokea bibi wa watu mgongoni, tena ya baridi. Kwa kuwa ni kuba, maji hufuata mviringo na kuteremka ukutani kimya kimya. Ukuta wenyewe ni mnene, wa mawe na chokaa, unalishika joto hata moto ukishafifia. Mwanga unaingilia matundu ya juu, jicho la mpita njia haliingii. Nikamweleza mama mkwe kwamba rejeta ni kinyume chake: huku walihangaika joto lisitoke, kule maji yanapitishwa kwenye vijibomba vyembamba vilivyovishwa bati, feni ikipuliza, ili joto litoke upesi.

Akafikiri. "Basi wewe umekodi hamamu."

Maji sasa. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya maji haikuwa na tone. Nikaazima ndoo kwa majirani huko bondeni, nikapanda nayo, nusu ikamwagikia suruali, nikarudi tena. Huku nikihema nikamuuliza mlinzi, enzi zile nani alikuwa akichota maji na kuchochea kuni? Alikuwa ametutajia bibi, mume wa bibi na babu wa bibi.

"Watumishi," akasema.

Watumishi! Mwaka 1850, Unguja, katikati ya mashamba ya karafuu ya Sultani? Soko la watumwa halikufungwa mpaka mwaka 1873, na utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali mpaka 1897. Ndege wa ukutani tunawahesabu mmoja mmoja, kwa tiketi. Aliyepanda kilima hiki na maji kichwani hana hata jina la kutajiwa mgeni. Najua hakuwa mlinzi aliyeiandika historia hiyo, lakini ndiye aliyekuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa nimelowa. Nilimjibu vibaya.

Gari likawaka.

Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, mwaka 1844, tulipita bila kusimama, nikihofia injini ikizimwa isiwake tena. Maruhubi, kasri la Sultani Barghash, mwanawe mwingine, lililoungua mwaka 1899, tulisimama, kwa pancha. Kasri la Beit al-Ajaib la Mji Mkongwe, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, tuliliona kwa mbali, giza likiingia.

Mwenye gari alilizunguka gari lake, akalinusa, akasema atakata pesa ya kuliosha.

"Kuliosha?" akauliza mama mkwe. "Limetoka hamamuni hilo."