Suruali ya Kukulia

Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Tanzania hadi kidato cha nne, ada imeondoka lakini suruali imebaki kwa mzazi. Na mkoani Kigoma suruali hiyo hutegemea mwezi, kwa kuwa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiangukia wiki ya kufungua shule, mzazi wa Kibirizi huingia soko la Mwanga akiwa na mfuko mwepesi na kauli nzito. Hapo huzaliwa vazi la kukulia, yaani sare inayomzidi mtoto vipimo viwili ili imfikishe mtihani wa mwisho, ambayo kiuno chake hukunjwa chini ya mkanda na pindo lake huachiwa inchi nne kama akiba ya benki. Kijana, aliyeisoma fomu ya kujiunga na shule kwa makini hadi kwenye kipengele cha upana wa suruali, huipeleka kimyakimya kwa fundi cherehani wa Ujiji aigeuze modo, yaani suruali ya kubana, ambayo kisigino huipita kwa kujadiliana. (Dada yake naye huyaona marinda boksi, ile mikunjo mipana ya sketi, kuwa mengi kupita haja.) Hivyo kaya yenye bajeti finyu hulipia kitambaa cha ziada, kisha hulipia kukificha, na mwalimu wa zamu anapoifumua mishono hiyo langoni kwa mkasi, fundi, ambaye hakuitupa karatasi ya vipimo, huwa ameshatunga sindano.